Watoto Wote wa Inconnu

Wakati wa vita, nikiwa nimetoka tu kumaliza masomo, nilipata kazi katika ofisi ndogo ya parokia huko Muhumba. Tulikuwa tunatafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao njiani wakikimbia risasi. Nilipewa kompyuta iliyochakaa, isiyo na picha wala kipanya, kioo cheusi tu na maandishi meupe. Niliipenda kama mtu anavyompenda mchumba asiyefaa.

Programu yetu ilikuwa rahisi ajabu: kila habari ina ufunguo wake. Ukiandika ufunguo, unapewa maelezo. Usipoujua, huambulii kitu. Kadi za watoto niliziandika katika faili moja, mstari wa ufunguo, chini yake mstari wa maelezo, kisha nikaandika amri fupi, nikabonyeza, faili zima likamezwa. Mashine haikusema kitu. Nilikaa nikingoja pongezi mpaka nikaelewa kwamba ikinyamaza ndiyo imefaulu. Nikacheza peke yangu kuzunguka meza.

Ufunguo aliuchagua chef wetu, mkubwa wa ofisi, mzee mwema aliyezeekea katika ofisi ya état civil, wanakoandikisha wanaozaliwa. Kwake yeye, mtu bila nom, postnom na prénom hajazaliwa bado. Basi ufunguo ukawa majina matatu ya mama mzazi. Na mtoto asiyeyajua? Tuandike Inconnu, yaani hajulikani, akasema, akaenda kunywa chai yake ameridhika.

Ndipo akaja mama yangu mdogo kutoka Luvungi. Mwanawe wa mwisho alimponyoka mkononi siku kijiji kilipokimbia, na alikuwa ameshauliza kila kambi na kila kanisa. Kwetu ndiko alikokuwa amebakiza kuuliza. Alinieleza hayo bila kulia, na hilo likaniogopesha kuliko machozi. Nikaandika majina yake matatu. Hakuna. Nikayageuza ya mbele yakawa nyuma. Hakuna.

Kwa hasira nikaandika Inconnu. Akatokea mtoto mmoja, msichana wa Uvira. Mmoja tu, na katoni ya kadi za Inconnu ilikuwa imejaa pomoni! Nikashika kichwa. Ufunguo mmoja hubeba habari moja. Kila mtoto niliyemwingiza alimsukuma nje yule wa kabla yake, mpaka akabaki wa mwisho peke yake.

Nikazirudia zile kadi. Kumbe wadogo wale walijibu vizuri sana walipoulizwa jina la mama: walisema Mama Fulani, kwa jina la kifungua mimba wake, kama majirani wote wanavyomwita. Ni mtoto gani kwetu anayemjua mama yake kwa majina ya kitambulisho? Chef alisoma kadi chache, akakumbuka kwamba hata yeye prénom ya mama yake, lile jina la ubatizo, aliisikia siku ya mazishi, akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia niandike hivyo hivyo, na kijiji nyuma yake, ili Mama Fulani wa huku asimfukuze wa kule.

Nikaandika upya, mama mdogo akisubiri kwenye benchi. Amri, bonyeza, kimya. Kimya kitamu kile!

"Maman mudogo, kule Luvungi majirani walikuwa wanakuitaka nani?"

Akanitajia jina la binti yake wa kwanza. Nikaliandika, na Luvungi nyuma yake. Maelezo yakatokea: mvulana, ana kovu gotini, yuko kwa masista Nyalukemba, yaani mwendo wa miguu kutoka pale tulipokuwa. Mwishoni kulikuwa na maneno ya mtoto mwenyewe, kwamba mama yake anaimbaka sana ku kanisa lakini vibaya. Nikamsomea, nikiona haya kidogo.

Akaweka mkono mdomoni.

"Ni yeye," akasema. "Hakuna mwingine wa kunisemaka vile."

Kisha akasimama katikati ya ofisi akaimba, mimi na chef tukimpigia makofi, na kweli jamani, alikuwa anaimba vibaya.