Milango Miwili ya Nyuma ya Ukumbi

Usiku wa kwanza wa mchezo, Luvenia Pettiford hakupanda kitandani. Alikaa jikoni, pasi ikipoa, akisikiliza ngazi. Ukumbi mkubwa wa maigizo wa Washington haukumuuzia tiketi mtu mweusi, kwa hiyo habari za binti yake zingeweza kuletwa na mtu mmoja tu: Ambrose Gaskins, mpangaji wa juu. Na Gaskins ndiye ambaye Luvenia alimwogopa kuliko wote mjini.

Kazi ya Gaskins ilikuwa kusimama mlangoni pa ukumbi na sare yake, akiwakagua wanaoingia. Wazungu walikuwa hawajui kumtambua mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe; sisi kwa sisi tunatambuana. Ndiyo maana walimwajiri mwenzetu. Akiinua kidole, mtu anatolewa. Jumapili aliimba kwaya kanisani, na hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja.

Corinthia, mtoto wa pekee wa Luvenia, alikuwa mweupe kama maziwa. Ndani ya tramu watu walimdhania mama yake kuwa yaya. Siku moja dukani muuzaji alimwambia, "Wewe yaya, mkalishe mtoto ajaribu kofia." Watoto wetu walikuwa hawaruhusiwi kujaribu kitu. Luvenia akamkalisha. Mtoto alikuwa na miaka sita, na aliona kila kitu.

Miaka kumi na tano baadaye Corinthia aliandika kutoka New York: amechukuliwa kuimba katika mchezo wa nyimbo wenye kundi la waimbaji weusi na kundi la weupe, na wangeanzia Washington. Hakusema yuko kundi gani. Alisema tu mama asimwandikie. Luvenia aliisoma barua mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kwa nini asiseme?

Saa sita usiku Gaskins akabisha.

"Bado macho, Dada Luvenia?"

"Mashati hayajipigi pasi. Vipi huko kwenu?"

"Wamelia, dada! Kuna bibi harusi, siku ya harusi yake inagundulika bibi yake mzaa mama alikuwa mweusi. Wanamfukuza mjini, naye anaimba huku anaondoka. Wazungu leso zimelowa chapachapa."

"Anayeigiza ni nani?"

"Mzungu. Ulimtaka nani?" Akacheka. "Na kabla pazia halijafunguliwa nilishawatoa wawili, safu ya tano. Hao hakuna aliyewalilia."

"Na unajivuna."

"Kazi ni kazi." Akaegemea mlango. "Corinthia wako siku hizi yuko wapi?"

"Baltimore. Anashona."

"Aa. Maana kuna msichana kwenye kundi la weupe, nikimtazama... Sijui. Macho yangu haya hayajui kupumzika."

"Yapeleke yakalale," akasema Luvenia, akamfungia mlango.

Kesho yake, onyesho la mchana lilipokwisha, Luvenia alikuwa kwenye kichochoro nyuma ya ukumbi na kapu la nguo. Milango ilikuwa miwili: wa kijani wa wazungu, na mwingine kando ya lundo la makaa, wa watu wetu. Mtoto wangu atatokea kwenye makaa, alijiambia. Lazima.

Mlango wa makaa ukafunguka kwanza. Wakatoka kwa kelele, wakilalamika njaa.

"Mama, unamsubiri nani?" akauliza mwimbaji mmoja mnene. "Kama ni mume, nipo, ila nakula sana."

"Nenda zako, baba. Wasichana wametoka wote?"

"Wote. Mimi ndiye mkia."

Luvenia aligeuka, akamwona Gaskins kwenye mdomo wa kichochoro, mikono nyuma. Hakuutazama mlango wa kijani. Alimtazama yeye, usoni. Hapo Luvenia akaelewa: Gaskins hakuwa na haja ya kumtambua msichana. Ilimtosha kumwona mama akimtambua. Kisha kidole, na Corinthia angetupwa nje jioni ile ile.

Komeo la mlango wa kijani likalia.

Luvenia akainamia kapu, akawa anakunjua shuka na kulikunja tena. Vicheko vikampita, na harufu ya poda. Miguu ya mtu mmoja ikasita mbele yake. Aliona pindo la koti la kijivu, hakupandisha macho zaidi.

"Njoo basi, tutakosa meza!" sauti ikaita.

Pindo likaondoka kuelekea barabarani. Luvenia alikunja shuka lile mara ya tatu, na hakuinua kichwa mpaka aliposikia mlango wa kijani ukifungwa kwa ndani.