Theluji Haikuanguka Njoro

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinisomea jibu lake la fasihi: "Mandhari ni mahali na wakati hadithi inapotokea." Akafunga daftari, kazi imekwisha. Nikamwambia afungue tena. Na wewe rafiki yangu unayesoma, vuta kiti, maana mimi somo hilo sikulipata kitabuni.

Tuliishi kwenye laini, safu ya vibanda vya wafanyakazi, katika shamba la mzungu, upande wa Njoro, miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapigania uhuru. Huku ngano, huku pareto, maua meupe mpaka macho yanauma. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milima ya Mau, na kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kikagongwa kuwaita watu kazini. Sisi watoto tulichuma pareto kwanza, kisha tukaenda shule vidole vikinuka uchungu. Jioni nyanya alipika githeri, mahindi na maharagwe, katika chungu cheusi alichokibeba mgongoni alipofukuzwa na serikali kule Olenguruone. "Nyumba wanaweza kuchoma," alikuwa akisema, "lakini mafiga nitayapanga popote nitakaposimama."

Baba hakuwepo. Siku moja ya mavuno alipandishwa lori pamoja na wanaume wengine, eti wakahojiwe, na hakurudi. Tangu siku hiyo pale langoni pa shamba paliwekwa boriti juu ya mapipa mawili, na askari. Bila karatasi ya ruhusa, hupiti. Mama, akitoka kazini, alikuwa akienda kusimama karibu na ile boriti, akitazama barabara hadi giza liingie.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe, alilolifua kila jioni. Krismasi ilipokaribia, memsahib, mke wa mwenye shamba, alimletea mchezo uliopigwa chapa kwa Kiswahili. Mama mmoja huko Ulaya, katika nyumba ya mawe, anamngoja mumewe. Theluji imeziba njia. Mwishowe mume anabisha hodi, watu wanaimba. Alileta pia gunia la pamba, tuitandaze jukwaani iwe theluji.

Mimi nilipewa nafasi ya yule mama. Nilikuwa na miaka kumi, na nilisema maneno yake kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Mwalimu akanisimamisha.

"Huyu mama yuko wapi?"

"Ulaya, mwalimu."

"Anaogopa nini?"

"Theluji."

"Wewe unaiogopa?"

Nikasema hapana, sijawahi kuiona. Akauliza darasa zima, "Hapa kwetu njia ikifungwa, inafungwa na nini?"

Sote tuligeuka tukatazama dirishani, kule langoni.

Ndipo akatuonyesha jambo ambalo sijalisahau. Neno theluji halikuwa kinywani mwa mtu yeyote katika mchezo ule. Lilikuwa juu tu, kwenye maelezo ya jukwaa. "Hatutabadilisha neno hata moja," akasema. "Tutahamisha mahali. Mtaona maneno yenyewe yanavyogeuka. Anayeogopa aende nyumbani, sitamlaumu." Wawili walikwenda. Nikamweleza nyanya. Alimwaga majivu, akatoa mafiga yake matatu, akaniambia nimsaidie kubeba.

Siku ya mchezo, mchana wa Jumamosi, bwana na memsahib waliketi mbele kwenye viti. Watu wetu walikaa nyuma yao kwenye nyasi. Jukwaani palikuwa na mafiga, chungu, gunia la kukalia, na nyuma yangu mapipa mawili na mti wa mkaratusi uliolazwa juu yake.

"Wapi pamba?" memsahib aliuliza. "Mimi natoa pamba mingi!"

"Iko salama, memsahib," mwalimu akajibu.

Nikaanza. "Njia imefungwa. Atafikaje nyumbani?"

Maneno niliyoyasema mara hamsini bila kuyahisi sasa yaligeuka kinywani mwangu. Nikaendelea: "Mwambieni hatujalala. Mwambieni chakula chake kipo." Kule nyuma nikamsikia mama yangu akilia.

Bwana akasimama. "Toa hiyo mti! Toa sasa hivi!"

Hakuna aliyesogea. Nikamtazama mwalimu kando ya jukwaa. Hakuniambia niendelee, wala hakuniambia ninyamaze. Nilikuwa nimebakiza sentensi moja. Nikamgeukia bwana, nikaisema kwa sauti yangu yote: "Sitauzima moto huu mpaka arudi."

Nyanya akairudia kutoka kwenye nyasi. Kisha jirani yetu, kisha mama, kisha wanawake wote. Bwana akalipiga pipa teke, boriti ikaanguka, na mchezo ukaishia hapo.

Jumatatu mimi na mama tuliitwa ofisini kwa bwana.

"Nani nafundisha wewe hii maneno?" bwana akauliza.

"Memsahib," nikajibu. "Yako kwenye karatasi yake."

Akaichukua karatasi, akaipitia mstari kwa mstari, akaigeuza hata upande usio na maandishi. Hakupata pa kuweka kidole.

Lakini mwalimu alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alifunga sanduku lake kwenye baiskeli akaelekea stesheni ya Njoro, na hatukumwona tena. Shule ilifungwa mpaka mvua kubwa. Baba alirudi baada ya miaka miwili, hana meno ya mbele, na akiwa anakula mama alimsimulia mchezo wote, neno kwa neno.

Watu huniambia hayo yamepita, niyaache. Siyaachi. Pareto imeng'olewa, laini imebomolewa, shamba limekatwa vipande vipande. Mwaka jana nilikwenda pale nikamkuta kijana akilisha ng'ombe wake wa maziwa. Nikamwuliza kuhusu shule.

"Mathe, hapa hapajawahi kuwa na shule," akasema. "Hapa ni boma tu."

Nikamwonyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na mlango, hapa jukwaa, pale viti viwili.

"Na wewe sogea kidogo," nikamwambia. "Umesimama mahali walipoketi wanawake."

Akazitazama nyasi chini ya buti zake, kisha akasogea.