Udongo Laini Nyuma ya Jiko

Nyumba ile niliipenda kabla sijaingia ndani. Ilikuwa na bati jipya, ua mpana, na hakuna mwenye nyumba wa kunigongea mlango. Mtu ambaye hajawahi kupanga chumba Tunduma hawezi kunielewa. Tulikuwa tumepanga karibu na maegesho ya malori, kwa mama mmoja aliyechukia hata moshi wa jiko langu la mkaa, na mimi si mtu wa kunyamaza. Tuligombana asubuhi, tukagombana jioni, na katikati tulinuniana. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo kwenda Zambia. Yeye alilala njiani kwa raha zake, vita akaniachia mimi.

Sisi ni watu wa Itumba, huko Ileje, kwenye milima na ukungu, ambako maji huyatafuti, yanakutafuta yenyewe. Biashara ilipofunguka na watu wakaanza kumiminika mpakani, na sisi tukamiminika. Ndugu waliniuliza naachaje kijani kile nikafuate vumbi. Nikawajibu kwamba nafuata maisha. Ukweli ni kwamba nyuma ya jiko la mama mkwe wangu amelala mwanangu wa kwanza. Alifariki kabla hajaota jino. Kwetu mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake peke yao, hapo hapo nyumbani, karibu na jiko. Wanaume hawaitwi. Hakuna matanga, hakuna msalaba, hakuna tuta. Udongo unasawazishwa, na kesho yake unatakiwa uchukue ndoo uende mtoni kama kawaida, na mahali pale hapatajwi tena. Nilipita pale kila siku, na kila siku nilipita mbio. Nilipofika Tunduma nilijiapiza kwamba Itumba nitakwenda kusalimia tu, kuishi basi.

Kwa hiyo siku ya kuonyeshwa mipaka ya nyumba ile roho yangu ilikuwa juu. Niliogopa muuzaji asije akageuza maneno. Alikuwa mtu wa hapo hapo, Mnamwanga, mchangamfu, mwenye haraka ya kwenda Saza kutafuta dhahabu. Wanaume walizunguka kiwanja kama ilivyo desturi: muuzaji mbele, mume wangu, mwenyekiti wa kitongoji, na majirani, kila mmoja akisimama kwenye kona yake na kukubali kwamba ndiyo, mpaka ni huu. Mimi nilikuwa nimepewa mwiko. Nilipika ugali na kuku wa kuwalisha mashahidi, huku nikichungulia kupitia moshi.

Nikamwona mwanamke amesimama nyuma ya uzio wa fito, upande wa nyuma. Alikuwa mtu mzima kiasi, kitenge kimefifia, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa akiwatazama wale wanaume, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye. Nilipouliza, muuzaji alisema ni mke wake wa zamani, waliachana, sasa anaishi kwa dada yake hapo nyuma, na hana neno lolote kuhusu nyumba. Wakala, wakanawa, wakatia sahihi. Tukahamia.

Jamani, kiangazi cha kule kilimani ilipokuwa nyumba yetu! Hakuna aliyekuwa ameniambia. Upepo ulivuma na vumbi jekundu, nikifua nguo nyeupe nikaanua za rangi ya matofali. Maji yalipanda kwa mkokoteni, na wenye mikokoteni walikuwa na maringo ya mabwana harusi. Unawakimbilia na madumu, wanakwambia haya yana wenyewe. Kuna siku niliosha vyombo kwa maji niliyooshea mchele. Mume wangu alirudi safari akakuta hakuna hata maji ya kunawa uso, akakaa kizingitini na vumbi lake, akasema kwa upole kabisa. Yeye akisema kwa upole ndipo pa kuogopa.

"Tukifikia mvua bila kisima cha kuvunia maji, tunauza nyumba hii, unarudi Itumba kwa mama."

Nililala macho wazi. Kisima kikichimbwa nina kwangu. Kisipochimbwa, narudi nyuma ya lile jiko.

Na kana kwamba hilo halitoshi, kulikuwa na yule mwanamke. Kila jioni, jua likianza kulegea, alikuja akasimama penye uzio. Hakusalimia. Alitazama uani kwangu, pale palipokuwa na jiko la zamani la nyumba ile, lililobomolewa kabla hatujanunua, na midomo yake ilicheza. Alikuwa akisema kitu kwa Kinamwanga, na mimi Mndali nilikuwa naokota neno moja moja tu. Jirani mmoja alinishauri nimwagie chumvi pembeni mwa uzio. Mwingine akaninong'oneza kwamba wanawake walioachwa hawaachi nyumba hivi hivi, huwa wanafukia vitu. Mimi msomi wa darasa la saba na muumini wa kanisani, nilimwaga ile chumvi. Yeye akaendelea kuja.

Siku moja nikashindwa. Nilikuwa nimetoka kugombana na mtu wa mkokoteni na hasira ilikuwa bado ya moto. Nikamfuata hadi kwenye uzio, hata shikamoo sikutoa, nikamuuliza amepoteza nini uani kwangu. Alinitazama bila kukunja uso.

"Sijapoteza," akasema. "Najua kilipo."

Akaenda zake. Nikasema ndiyo haya waliyoniambia, huyu mama kafukia dawa kwenye kiwanja changu, na mpaka anataja mwenyewe! Mume wangu nilipomweleza alicheka, lakini usiku ule hakuzima taa.

Mvua zilipokaribia tukamwita mchimbaji. Alianzia mbele ya nyumba, sururu ikagonga mwamba. Akahamia kando, mwamba. Kiwanja kizima kilikuwa jiwe lililovikwa udongo juu juu, na kila sururu ilipolia mimi niliona mizigo yangu ikifungwa. Mume wangu alikuwa akizunguka na mikono nyuma. Mwisho mchimbaji akajaribu nyuma kabisa, pale penye jiko la zamani. Jembe likazama hadi mpini.

Nilipiga kigelegele. Mchimbaji naye akafurahi, akasema udongo huu umewahi kuchimbwa, labda lilikuwa shimo la taka la wenyewe. Nikamwambia hata kama lilikuwa shimo la shetani, chimba. Akapima mraba, akavua shati, akaanza. Udongo ulitoka laini, mwekundu wa chini umechanganyika na mweusi wa juu. Alipofika magotini, nikaenda kumtengenezea chai.

Niliporudi na birika, yule mwanamke alikuwa ameshavuka uzio. Alivunja fito akapita. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alitembea moja kwa moja mpaka shimoni, akashuka, akakaa chini, miguu ameinyoosha, mbele ya jembe la yule mchimbaji. Mchimbaji alibaki ameliinua jembe hewani.

Mume wangu akamwamuru atoke. Akamwambia nyumba imeuzwa kihalali, mashahidi wapo, na kama ana shida akamtafute mumewe huko Saza. Mwanamke hakumgeukia hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Mwanangu yuko hapa," akasema. "Hakuota hata jino."

Birika lilinitoka mkononi.

Mume wangu hakuelewa, au alielewa nusu. Alisema huu ni ujanja wa kurudisha nyumba. Akauliza, kama ni kweli, kwa nini muuzaji hakutaja chochote siku ya mipaka, tena mbele ya watu wote wale. Mwanamke akajibu bila kuinua sauti, kama anayemweleza mtoto.

"Wanaume hawakuwepo. Tulikuwepo wanawake tu."

Nakiri kwamba kwa muda mfupi hata mimi nilitaka awe mwongo. Nilitaka sana. Nilimtazama usoni nikitafuta ujanja, maana kama anadanganya nina kisima, na kama anasema kweli narudi Itumba. Tena hapakuwa na njia ya kuhakikisha ila moja, nayo ilikuwa mikononi mwa yule mchimbaji: mapigo machache zaidi ya jembe. Mume wangu alijua hivyo. Akamwambia aendelee kuchimba upande wa pili, taratibu, tuone.

Nikaona mikono ya yule mama. Alikuwa ameikandamiza ardhini kila upande wa mapaja yake, vidole vimefunguka, kama unavyozuia shuka la mtoto lisipeperuke. Siku ile Itumba, wenzangu walipomaliza kusawazisha, na mimi nilikandamiza hivyo hivyo mpaka mama mkwe akaniinua kwa makwapa.

"Hapachimbwi," nikamwambia mume wangu.

Akaniambia nifikirie vizuri ninachosema. Nikamwambia nimefikiri. Akanikumbusha neno lake kuhusu mvua, kuhusu kuuza, kuhusu Itumba. Sauti yake ilikuwa ya upole ule ule. Nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya upole hata kidogo, kwamba kama ni kurudi nitarudi, nitajitwika godoro kichwani mbele ya mtaa mzima, lakini hapa jembe halishuki tena nikiwa hai. Kisha nikawaambia yeye na mchimbaji watoke wakasimame barabarani, na wageuze migongo. Mchimbaji alitoka mara moja. Mume wangu alisimama kidogo, akanitazama, halafu nadhani akakumbuka kwamba na yeye siku ile Itumba aliambiwa asimame barabarani. Akaondoka.

Tulilifukia shimo wawili, kwa mikono. Tulipomaliza aliusawazisha udongo kwa kiganja, akapitia penye uzio uliovunjika, akaenda kwa dada yake. Niliingia ndani nikaanza kukunja nguo. Nililia kwa hasira, nisidanganye. Nilikuwa nimempa mgeni nyumba yangu kwa neno moja, na sikuwa hata najua anaitwaje.

Mume wangu aliondoka na lori alfajiri bila kuaga. Aliporudi mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Nilitoka nikiwa nimejiandaa kwa mzozo, nikamkuta anateremsha mapipa matupu aliyoyapata ng'ambo, makubwa, yamekwaruzwa. Akayapanga chini ya bati bila kunitazama. Kisha akaomba chakula. Habari za kuuza hakuzitaja tena, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikanyamaza. Mapipa hayo yalitutosha kwa taabu, mwaka baada ya mwaka, mpaka mabomba yalipopanda kilimani.

Miaka ikapita, mji ukatumeza. Palipokuwa na vichaka pakajengwa nyumba za kulala wageni na maduka ya vipuri. Ndipo mtaa wetu ukaamua viwanja vyote vipimwe, vipate hati. Mipaka ikabidi itembewe upya, na bikoni, yale mawe ya mipaka, zifukiwe kwenye kona. Wakaja wanaume na vyombo vyao, majirani wakaitwa, na mimi kama kawaida nikapewa mwiko. Nikautia mwiko ndani ya sufuria, nikatoka.

Yule mama alikuwa penye uzio. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, na dada yake alikuwa amefariki akamwachia kiwanja chake cha nyuma ya uzio.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Ingia, tutembee wote."

Aliingia kwa kupitia langoni. Tulitembea nyuma ya wanaume, kona kwa kona, na walipofika nyuma, mpimaji akaonyesha uzio akauliza kama mpaka ni ule. Majirani wakaitika. Mimi nikasema hapana. Nikarudi ndani ya kiwanja changu mwenyewe, nikapita lilipokuwa jiko la zamani, nikaweka kisigino upande huu, upande wa nyumba. Nikasema mpaka ni hapa, kipande cha nyuma ni chake. Mpimaji akamgeukia mume wangu, maana hati ilikuwa kwa jina lake. Mume wangu, mtu aliyegombea kila karatasi mpakani, alinitazama, akainama, akashika ncha ya kamba ya kupimia, akaibana chini penye kisigino changu.

Kesho yake asubuhi nilisikia ufagio. Nilichungulia dirishani. Yule mama alikuwa anafagia pale, mchana kweupe, polepole, akizungusha ufagio kuelekea nje, na watu walikuwa wakipita wakimwona.

Mwezi ule ule nikapanda basi kwenda Itumba. Mama mkwe alidhani kuna msiba, akaniuliza nani. Nikamwambia hakuna. Nikamwomba ufagio.