Sombe Ingali Ngumu

Jirani anatwanga sombe. Harufu mbichi ya majani ya muhogo inapita dirishani na kunikuta mbele ya kompyuta, nimechoka. Rafiki amenipigia sasa hivi kutoka Kipushi: hadithi yangu ya mchimba shaba, niliyoihangaikia miaka yote hii, imo tayari katika kitabu cha mtu mwingine.

Niliitunga utotoni, uani kwetu, nikimshikia kinu mama mukubwa, dada ya mama. Alihamia kwetu baada ya mume wake kushuka mgodini asirudi. Nilimsimulia: mtu anashuka asubuhi, anapanda jioni, kumbe huku juu miaka imepita.

"Ile tunaijua, mutoto yangu," alisema akitwanga. "Anarudia, anakuta bibi yake amezeeka."

Nikainamia kinu, machozi yakinilengalenga.

"Mbona unanyamaza?"

"Si munaijua?"

"Ee, tunaijua. Lakini sombe ingali ngumu. Endelea."

Nikaendelea kwa uvivu. Nilipofika pale mtu anapobisha hodi na mke wake anakuja kumfungulia, nilihisi kinu kimetulia mikononi mwangu. Nikatazama juu. Mchi ulikuwa hewani, haushuki.