Siku Arobaini Bila Jina

Mtoto wa dada yangu ametimiza siku arobaini na bado hana jina. Kwenye kadi ya kliniki nesi ameandika "Mtoto wa Shida".

Shida ni dada yangu. Kabla yake mama alizika watoto wawili kule Kimbiji. Dada alipozaliwa, bibi alimlaza kwenye ungo, akamweka ukingoni mwa jalala, na jirani akaja kumwokota kama kitu kilichotupwa. Ndivyo walivyofanya wazee wetu: mtoto apewe jina baya ili kifo kimpuuze. Akaishi. Mama hana shaka kwamba jina ndilo lililomwokoa.

Dada hakulipenda. Shuleni Temeke, kila akiingia darasani, wenzake walisema, "Zimefika hizo." Aliapa kwamba mwanawe hataitwa hivyo.

Kisha naye akazika wawili. Mumewe ni seremala kule Keko. Wa kwanza alimchongea kitanda kabla hajazaliwa. Baadaye akakibomoa, mbao zikawa stuli. Huyu wa tatu hajachongewa kitu, analala katikati yao.

Siku ya saba mama alikuja na ungo mpya.

"Mwite Shida, mwanangu."

"Mie nataka Baraka, mama."

"Wa kwanza ulimwita Neema. Wa pili ukamwita Furaha. Wako wapi?"

Dada akainamia chai yake. Shemeji akajaribu kupoza mambo. "Basi awe Makoye. Kwetu Usukumani ni shida hiyohiyo, ila hapa mtaani nani atajua? Mjomba wangu anaitwa hivyo, mzee kabisa, na bado analima."

"Mie nitajua," dada akasema.

Mama akautundika ungo jikoni, akaondoka bila kumaliza chai.

Juzi mtoto alishikwa na homa. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa. Mama naye akarudi. Leo asubuhi nimemkuta dada amekaa kizingitini, ungo uko mapajani, mtupu. Ndani mtoto alikuwa akilia mgongoni kwa mama.

Sikumuuliza anautakia nini. Yeye ndiye aliyeniuliza, bila kunitazama, kama jirani wa nyumba ya mbele yupo.

Nikamwambia sijui. Homa bado haijashuka.