Mzigo Usio na Uzito

Atakayetaka kubisha na abishe, lakini kwanza aje Nachingwea. Makuli waliokuwa nami jioni ile wako hai, wana akili zao timamu, na hakuna hata mmoja anayekunywa pombe. Mimi nami sina sababu ya kukudanganya. Hili ninalokusimulia nililiona kwa macho yangu, kazini kwangu, jua likiwa bado halijazama.

Mimi ni mtunza ghala. Kwetu ni Likunja, upande wa Ruangwa, ila kazi ndiyo iliyonileta huku Nachingwea, kwenye ghala la chama cha wakulima. Korosho za watu wengi sana zinalala chini ya funguo zangu, na nakwambia bila haya, naringa na kazi yangu. Zamani mkulima alikuwa analeta magunia yamejaa, msimu ukiisha anaambiwa yamenyauka. Yamenyaukaje? Hapakuwa na wa kumweleza. Ulipokuja mfumo wa kompyuta nikapelekwa kujifunza, nikarudi nimeushika kama ninavyoshika jembe. Sasa gunia likiingia linapimwa, mzani wenyewe unapeleka kilo kwenye kompyuta, gunia linabandikwa karatasi yenye mistari na kupangiwa mahali pake. Mama wa Naipingo akinipigia simu kuuliza korosho zake ziko wapi, namjibu kabla hatujamaliza salamu. Hata mama yangu mzazi, ambaye alikuwa hataki kusikia habari za ghala, mwaka ule alileta magunia yake kwangu. Unajua raha ya kuaminiwa na mama yako?

Jambo moja ulielewe kabla sijaendelea. Mzani ukiharibika, mfumo unamruhusu mtu mmoja tu kuandika kilo kwa mkono. Mtu huyo ni mimi, kwa nywila yangu.

Basi, msimu ulikuwa unaelekea mwisho. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yamefunga upande wa Ruangwa na upepo umeanza kubeba vumbi. Nilikuwa najiandaa kufunga, likaingia lori limejaa mpaka turubai limevimba. Dereva sikumwona, vioo vilikuwa vyeusi. Akashuka mwanamke wa makamo, kanga zake safi, uso wake mpole.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

Hakuitikia marahaba. Alitabasamu tu, akaniuliza habari za Likunja kwa Kimwera, kile cha ndani ambacho siku hizi nakisikia kwa wazee peke yao. Amejuaje kwetu? Lakini huku Kusini tunajuana, nikaliacha lipite.

"Mwanangu, mzigo huu unatoka Chunyu," alisema. "Kule nimezungushwa mpaka nimechoka. Nipokelee, unaiona mvua hiyo."

Ungekuwa wewe ungemkatalia? Mtu mzima, mzigo wake wote uko nje, mvua inanusa. Nikawaita makuli washushe.

Gunia la korosho si mchezo, linamkunja mwanaume. Saidi, ambaye ndiye mkubwa wa makuli, alilipokea la kwanza begani akaja nalo anakimbia, anacheka.

"Dada, leo nimekula nini?"

Mwenzake nyuma akaja na mawili kwa mpigo, hahemi. Na magunia yenyewe yamejaa, yamekaza, yameshonwa vizuri. Saidi akalitua la kwanza juu ya mzani. Kioo kikasoma sifuri.

Nikauzima mzani, nikauwasha. Sifuri. Nikamwambia Saidi atoe ndani gunia letu moja tulilolipima asubuhi. Akaja nalo sasa amejikunja, akaliweka, na mzani ukatoa kilo zilezile za asubuhi. Nikamwambia apande mwenyewe, ukampima. Halafu nikamwambia apande tena, safari hii na gunia la yule mama begani. Niamini, ile namba haikusogea hata kidogo. Gunia liko begani, tunaliona sote, na mzani unampima Saidi peke yake.

Hapo vicheko vikaisha.

Nikachukua bambo, kile chuma chenye ncha tunachochomea gunia kutolea sampuli, nikalichoma. Korosho zikamwagika kwenye kiganja changu cha kulia. Kwa macho zilikuwa nzuri, kavu, nene, za daraja la kwanza. Mkononi sikusikia kitu. Umewahi kushika kivuli? Niliona kiganja kimejaa, nikakihisi kitupu, na baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikazimwaga chini, na zilipoanguka hazikutoa sauti.

Nikampigia simu mwenyekiti wa chama. Nikamweleza kwamba kuna mama ameleta mzigo, na mzani unaukataa.

"Mzani wako umeharibika," akasema. "Andika kwa makadirio. Nywila si unayo?"

"Mzani ni mzima, mwenyekiti. Nimeujaribu."

"Mama wa watu yuko nje, mvua inakuja, na wewe unabishana na mashine? Mzigo ule ukiharibika utajibu wewe." Akakata simu.

Yule mama alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, hana haraka, mikono ameikunja. Akanisogelea. "Umesikia mkubwa wako," akasema kwa upole. "Ni kubonyeza tu."

Sikudanganyi, niliogopa. Niliiogopa kazi yangu kupotea, nikamwogopa na yeye. Lakini kuna kitu kilinisimamisha, nadhani ni hicho hicho cha kuringa na kazi. Nikasema, "Mama, naomba na wewe upande, tuone mzani unasemaje."

Saidi akanitazama kama nimemtukana mkwe. Mimi nilitegemea atakataa, apate na sababu ya kukasirika. Hakukataa. Alivua kandambili zake, akazipanga vizuri, akapanda juu ya mzani, akanyooka.

Sifuri.

Kuli mmoja akaanza kusoma dua chinichini. Mwanamke akaniangalia, na tabasamu lilikuwa limekwisha. Nilichokiona usoni mwake ni uchovu, uchovu wa mtu aliyezunguka sana.

"Sasa umeona," akasema. "Bado nakuomba unipokee. Mzigo wangu ukishaandikwa utapata uzito. Na mimi nitapata."

"Uzito huo utautoa wapi, mama?"

Alitazama nyuma yangu, ndani ya ghala, kwenye mistari ya magunia iliyopanda karibu na paa. Akayatazama polepole, kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya mwenzake.

Nikaelewa. Chuma ulete umeisikia, yule mteja ambaye hela yake ikiingia kwenye droo ya duka inaondoka na za mwenzie. Huyu hakutaka hela. Alitaka jasho la watu wa Naipingo, jasho la mama yangu, magunia yabaki yamevimba vilevile na ndani yake pamebaki jina tu. Na mlango wa kuingilia ulikuwa kwenye vidole vyangu, kwenye herufi chache ninazozijua mimi peke yangu.

"Mama," nikamwambia, na sauti yangu haikutetemeka, waulize makuli, "uzito ulioko humu una wenyewe. Mimi nimewekwa kuulinda. Siwezi kukuandika."

Nilidhani atanipiga, au atageuka kitu kingine mbele yetu. Akashuka, akavaa kandambili zake.

"Wazee wako wangenipokea," akasema kwa Kimwera.

"Wangekupa maji ya kunywa," nikamjibu. "Korosho za watu wasingekupa."

Makuli waliyarudisha magunia bila kuambiwa, wanayarusha juu kama mito ya pamba. Lori likaondoka. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kudondoka na udongo wa getini umeanza kulainika. Saidi akanivuta mkono akanionyesha. Nyayo zetu zilikuwepo, alama za baiskeli zilikuwepo. Tairi za lori lile hazikuacha hata mstari.

Usiku ule sikulala, nilikaa sebuleni mpaka alfajiri. Asubuhi tulipima upya mstari mmoja baada ya mwingine, mwenyekiti mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Kila gunia lilikuwa na kilo zake kama mfumo ulivyosema. Mwenyekiti alimsikiliza Saidi mpaka mwisho, akavua kofia yake, akaniambia, "Binti, ghala hili ni lako." Mnada ulipofika, wakulima walilipwa uzito wao kamili, na mama yangu alitembea sokoni kama mke wa chifu.

Baadaye akanijia mfanyabiashara mmoja mwenye stoo yake binafsi njiani, mtu mwema, macho yamemtoka. Alisema alimpokea mama mmoja kwa huruma jioni ya mvua, akaandika mzigo kwa makadirio. Akaniomba nikampimie. Nilikwenda. Stoo ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na tulilipandisha mzanini gunia moja baada ya lingine. Nisikusimulie tulichosoma. Mwanamke na lori lake hawakuonekana tena, na nikifikiria kwamba sasa anatembea mahali fulani akiwa na uzito, nyayo zake zinaacha alama kama zako na zangu, nywele zinanisimama.

Mimi nami sikutoka bure. Huu mkono wangu wa kulia, uliozishika zile korosho, haujui uzito mpaka leo. Kilo ya sukari na mfuko mtupu kwake ni kimoja. Hospitali wamenipima, wanasema mkono ni mzima. Dada yangu alipojifungua nilimbeba mtoto kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ungeniambia sikubeba kitu. Wananiuliza kama najuta. Nijute nini? Mkono mmoja kwa ghala zima, tena la watu wangu. Ningeulizwa leo, ningeutoa tena.

Wewe unayenisikiliza, kama una stoo, una duka, au umepewa funguo za mali ya watu, shika hili. Atakuja mtu mpole, atakuja wakati wa mvua, atakusemesha lugha ya kwenu, na mkubwa wako atakuambia andika tu. Mpe kiti, mpe maji. Jina lake usiliandike mpaka uwe umempima.