Mama Alianika Vioo Vyangu Juani

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na moja, naishi Morogoro mjini na mume wangu na mtoto wa miezi miwili. Mkisoma mtanitukana, na mtakuwa na haki.

Mwaka juzi nilikuwa namalizia shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu vioo vya kupitishia mwanga, vile visivyopikwa kwenye tanuru. Unachanganya kemikali zenye asili ya mchanga na nyingine za jamii ya plastiki, zinaganda kama jeli, kisha unaziacha zikauke polepole, wiki kadhaa, kwenye vikopo vyenye mifuniko iliyotobolewa kwa sindano. Zikikauka haraka zinapasuka. Vikopo vingine vilikuwa maabara, vingine niliviweka nyumbani.

Mama akaja kunitembelea kutoka Mkuyuni. Maisha yake yote ameanika karafuu na pilipili manga. Nilipokwenda chuoni akaona vitu vibichi vimefunikwa, akanihurumia. Akafunua vyote, akavipanga juani kwenye mkeka. Narudi, nakuta vipande vipande.

"Mwanangu, kibichi ukikifunika kinaota ukungu," akasema.

Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. "Umeniharibia maisha, mama! Mikono yako inajua kuvunja tu!"

Akarudi kwao siku ileile. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, naye akaitisha kikao. Mama yangu mzazi akapiga magoti mbele ya ukoo, akaniomba msamaha. Nikasema nimemsamehe.

Jamani, siku ile nilikuwa najua. Wiki moja kabla ya kikao, vioo vya maabara navyo vilipasuka, na hakuna aliyevigusa. Nilikosea vipimo mimi mwenyewe tangu mwanzo. Vya nyumbani visingepona hata kama mama asingekuja. Nikanyamaza kwa aibu. Nilirudia kazi, nikafaulu, na mama akaniombea misa ya shukrani.

Sasa amekuja kumwona mjukuu. Haoshi hata kikombe, anakaa na mikono mapajani. Jana nilikuwa jikoni, mtoto akalia. Nikamwambia, "Mama, mchukue basi." Akasimama palepale, machozi yanamtoka.

"Mwite baba yake, mwanangu. Mie mikono yangu inavunja."

Mjomba akiitisha kikao kingine nitakwenda, nastahili. Ninachoogopa ni kumtazama mama usoni akishajua kwamba nilimwacha apige magoti bure. Anaondoka Jumapili na bado hajampakata mtoto. Ndugu zangu, nianze na neno gani?